Kabla ya kununua mashine iliyotoka kwenye theluji, uliza ililala wapi

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua niseme na vijana, vikundi vya akina mama, na yeyote anayetaka kufungua sehemu ya kuoshea magari kwa mashine iliyotumika kutoka Marekani au Canada. Nasema nao kama fundi. Mimi ni mzaliwa wa Makorora, Tanga, ila maisha yamenileta Brooklyn Park, katika jimbo la Minnesota, kaskazini kabisa mwa Marekani. Nilipofika nilianza kwa kuosha malori zamu ya usiku. Sasa niko karakana, natengeneza mashine za presha za makampuni yanayoosha malori, mabasi ya shule na maegesho ya ghorofa. Kila mwaka theluji inapoanza kuyeyuka, meza yangu hujaa pampu zilizopasuka. Nyingine nazitengeneza zinarudi kazini. Nyingine, mwenyewe akisikia bei ya spea, anaona heri aipeleke mashine nzima mnadani kama ilivyo. Na baadhi ya hizo zinapandishwa kwenye kontena, zinavuka bahari, zinafika kwetu.

Ninachoomba ni mtu asitume pesa kabla hajajua mashine ililala wapi wakati wa baridi, na kabla hajaiona ikisukuma maji. Naomba nieleze kwa nini, maana jambo lenyewe halionekani kirahisi kwa mtu aliyekulia pwani.

Nikipiga simu nyumbani huwa naulizwa, nani anaosha gari kwenye theluji? Wanaosha sana, na sababu ni chumvi. Barabara za Minnesota humwagiwa chumvi ya mawe ili barafu isishike lami. Chumvi hiyo hufanya kazi vizuri mpaka lami ifike nyuzi -9 hivi za Selsiasi. Baridi ikizidi hapo inaanza kushindwa, ndipo wanapochanganya na magnesiamu kloraidi au kalisiamu kloraidi, ambazo huvumilia baridi kali zaidi. Tope la chumvi linarushwa na matairi na kung'ang'ania chini ya lori: kwenye chesisi, mabomba ya breki, nyaya, viungio vya taa. Lori lisipooshwa, kutu inalimaliza. Kwa hiyo Januari, mwezi ambao wastani wa baridi ya usiku mjini Minneapolis ni kama nyuzi -13, ndio mwezi wa kazi. (Maji yanayotoka kwenye lori nayo hayaachwi yaende popote. Idara ya mazingira ya jimbo hili inasema kijiko kimoja cha chai cha chumvi kinatosha kuchafua galoni 5 za maji, na chumvi ikishaingia ziwani haitoki. Kampuni makini huyanyonya na kuyakusanya.)

Ndugu zetu wa Makete na Kitulo wanaijua sakitu, ule umande unaoganda, wanajua asubuhi ya Juni inavyokausha viazi shambani. Lakini sakitu jua likipanda inakwisha. Huku barafu inakaa miezi. Tarehe 30 Januari 2019 kipimo cha Minneapolis kilishuka hadi nyuzi -33, na posta ya Marekani ikasimamisha kusambaza barua katika jimbo zima. Mashine iliyobaki nje usiku ule ikiwa na maji ndani haikusalimika.

Kinachoiua ni maji yenyewe. Maji yakiganda hutanuka kwa takriban asilimia 9. Aliyewahi kusahau chupa ya soda kwenye friza anajua kinachotokea, na chuma hakina kinga. Kichwa cha pampu ya presha ni bonge la shaba lenye vijia vyembamba ndani, vali za kuingizia na kutolea maji, na vifuniko vyake. Pampu hiyo inastahimili presha ya baa 200 kutwa nzima kwa sababu maji yanapita. Yakisimama na kuganda hayana pa kwenda, na shaba inapasuka. Hauhitajiki msimu mzima. Usiku mmoja unatosha, tena saa chache za usiku huo.

Ndiyo maana mashine za kazi za nchi hizi hazifanani na zile ndogo za magurudumu tulizozizoea. Nyingi zimefungwa ndani ya gari la mizigo au trela lililozibwa pande zote na kuwekwa kipasha joto. Tangi la maji liko ndani, pampu iko ndani, hata gurudumu la kuzungushia mpira liko ndani. Kinachotoka nje ni mpira na mkono wa mfanyakazi. Kuna kichomeo cha dizeli kinachochemsha maji yakipita kwenye koili, yaani bomba lililozungushwa mara nyingi, yakitoka yanakaribia nyuzi 90 au zaidi, na mvuke wake kwenye baridi ni mzito kiasi kwamba humwoni mwenzako aliye upande wa pili wa lori. Ukitaka kupumzika huwezi kuuacha mpira umelala chini na maji ndani, utaukuta umekuwa fimbo. Ama unaacha maji yatiririke kidogo kidogo, ama unaurudisha ndani kwenye joto. Maji yaliyomwagika sakafuni yanageuka barafu miguuni mwako, kwa hiyo mtu mmoja anaosha na mwingine anamwaga mchanga. Lori likishaoshwa, vitasa vyake vinapulizwa kwa upepo wa kompresa, la sivyo dereva hatafungua mlango.

Kazi ikiisha ndipo inapokuja hatua inayoamua uhai wa mashine. Maji yote yanatolewa, kisha inapulizwa kwa kompresa au inasukumiwa dawa ya kuzuia kuganda. Dawa inayofaa ni ile ya propilini glikoli, yenye rangi ya waridi. Ile ya kijani inayowekwa kwenye rejeta za magari mara nyingi ni ethilini glikoli, ni sumu, na kwa kuwa ina ladha tamu mbwa na watoto huinywa. Dawa ya waridi ikishatokea mwisho wa mpira, unazima, unalala kwa amani. Shughuli yote ni dakika chache. Lakini dakika hizo zinamwangukia mtu aliyechoka, saa tisa usiku, vidole havisikii, anataka kwenda kwake. Au gesi ya kipasha joto inaisha alfajiri bila mtu kujua. Pampu zinazofika mezani kwangu zinatoka hapo.

Sasa nieleze lililonifanya niandike. Mtoto wa kaka yangu na wenzake walikuwa na kikundi kilichosajiliwa, wakapata mkopo wa halmashauri, ule unaotokana na asilimia 10 ya mapato yake ya ndani, wakaamua kufungua sehemu ya kuoshea malori na mabasi kando ya barabara ya kuelekea Segera. Mahali pazuri, magari hayakosekani. Wakampata muuzaji, akawatumia video ya mashine ya maji moto iliyotoka huku: injini inawaka kwa mvuto mmoja, inanguruma vizuri, rangi inang'aa. Wakalipa. Mashine ilipofika, wakaunga maji, wakawasha, presha haikupanda. Chini ya pampu maji yakawa yanachuruzika.

Fundi wao ni kijana hodari, simsemi vibaya hata kidogo. Injini za pikipiki anazifungua na kuzifunga gizani. Lakini alipoukuta ufa kwenye kichwa cha pampu alifikiri mtu aliipiga nyundo, akauziba kwa kulehemu. Presha ikaufungua tena siku hiyo hiyo. Ndipo fundi huyo akanipigia simu.

"Shangazi, hii pampu ilipigwa, sijui kwenye meli."

Nikamwambia aikaushe kwa kitambaa, awashe simu, anioneshe kwa chini. Ufa ulikuwa umepita kwa urefu, kandokando ya vyumba vya vali, na kingo zake zimefutuka kwa nje. Kitu kilichopigwa kinabonyea kwenda ndani. Hicho kilisukumwa kutoka ndani.

"Mwanangu, haikupigwa. Hiyo iliganda."

Alinyamaza. Angejuaje? Tanga hakuna fundi aliyepata kukutana na shaba iliyopasuliwa na maji. Mafundi wetu wanajua joto, vumbi, mafuta yaliyochakachuliwa, vitu ambavyo fundi wa Minnesota angevishangaa. Ugonjwa huu wa baridi hauko kwetu, unaletwa ndani ya bidhaa, na muuzaji anaweza asiutaje, ama kwa kutojua, ama kwa kujua sana.

Kwa hiyo video ya injini inayonguruma haithibitishi kitu. Injini ya kupozwa kwa upepo haina maji ndani, baridi haiipasui. Kinachopasuka ni pampu, vali na koili, na hivyo havijulikani mpaka maji yapite. Mwambie muuzaji aunge maji, aifute pampu ikauke, kisha awashe na kufyatua maji kwa dakika kumi hivi bila kukata video, akionesha saa ya presha na akionesha pampu kwa chini. Akikwambia hana bomba la maji karibu, mwambie utasubiri. Na akianza kusukuma, tazama maji ya kwanza yanayotoka. Yakiwa na wekundu wa waridi, furahi, maana kuna mtu aliitunza mashine hiyo kabla ya baridi.

Koili ndiyo inayonitia hofu zaidi. Ni bomba refu la chuma lililozungushwa mara nyingi ndani ya pipa la kichomeo, na usipolifungua pipa huwezi kuliona. Maji yakibaki mle yakaganda, bomba linapasuka katikati ya mizunguko, mahali ambapo hata mkono hauingii. Kulehemu haisaidii sana. Koili mpya ni ghali, ni nzito, na kuisafirisha ni gharama nyingine. Kwa hiyo katika ile video kichomeo nacho kiwashwe, na maji yaonekane yanatoka moto. Moshi mweupe mwingi unaoambatana na matone chini ya pipa ni dalili mbaya.

Baridi si mwisho wa habari, kuna umeme. Mashine nyingi za huku ni za volti 120 au 240 na herzi 60, yaani umeme unaopiga mara 60 kwa sekunde. Kwetu ni volti 230 na herzi 50. Watu wanaambiwa wanunue transfoma na mambo yamekwisha. Transfoma inabadilisha volti, haigusi herzi. Mota ya herzi 60 ukiilisha herzi 50 inapungua mzunguko kwa sehemu moja ya sita, pampu inatoa maji pungufu kwa kiasi hicho hicho, na mota inapata joto kuliko ilivyoundwa. Katika mji ambao Februari kivuli chenyewe kina joto, mota hiyo haina umri. Hata mashine ya injini ya petroli haijapona: kichomeo chake na feni yake mara nyingi hutegemea umeme wa volti 120.

Kuna nyuzi za mabomba pia, yale meno ya kukazia viungo, jambo dogo linaloleta maneno makubwa. Viungo vya Marekani vimekatwa kwa pembe tofauti na vya Kiingereza vinavyouzwa madukani kwetu. Cha nusu inchi kinaingia kidogo kikakudanganya kwamba kimekubali, kisha kinavuja. Cha inchi moja hakifiki mbali. Mtu asikazane nacho kwa spana ndefu na kumalizia pampu nzima. Aagize viunganishi pamoja na mashine.

La hatari kuliko yote ni moshi, na hili naomba lisomwe taratibu. Mashine hizi zikiwa huku mara nyingi zilifungwa ndani ya jengo au gari lenye bomba la kutolea moshi juu ya paa. Zinapouzwa, bomba hilo linabaki ukutani. Kijana wa Tanga anaipokea, na kwa kuogopa wezi anaijengea kibanda cha matofali chenye mlango mmoja wa bati. Injini inatoa moshi, kichomeo kinatoa moshi, vyote viwili vina kaboni monoksaidi, ambayo haina rangi wala harufu. Mwaka 1996 taasisi ya Marekani inayoshughulikia usalama kazini, NIOSH, ilitoa tahadhari kuhusu injini ndogo za petroli, zikiwemo za mashine za presha, kwa sababu watu walikuwa wakifa ndani ya majengo hata walipofungua milango na madirisha. Huku wanashawishika kufunga milango kwa sababu ya baridi, kwetu kwa sababu ya wizi, na moshi haujali sababu. Mashine ikae mahali palipo wazi. Kama ni wizi, ifungwe kwa mnyororo kwenye zege.

Nikifika hapa huwa naulizwa: Shangazi, sasa tununue nini? Maoni yangu ni kwamba wengi wetu hatuihitaji mashine ya maji moto. Ile koili, kile kichomeo, dizeli yake, uzito wa mamia ya kilo, vyote vimewekwa ili mtu aweze kuosha chumvi na barafu katika nyuzi -20. Gari lililotoka Handeni na vumbi jekundu linaoshwa na maji ya kawaida na sabuni. Maji moto yana faida ya kweli kwa anayeosha injini zenye grisi, mitambo, au machinjio. Asiye na kazi hiyo anunue mashine ya maji baridi ya herzi 50, ambayo spea zake zinapatikana Dar es Salaam, hata kama jina lake halijulikani Marekani. Najua mashine ya huku inavutia. Ni nzito, ni ya kazi, na bei ya mnadani inapendeza. Bei hiyo ina sababu, na mara nyingine sababu ni ule ufa.

Kwa ndugu zangu tunaoishi huku, tunaombwa sana na nyumbani, na tunapenda kusaidia. Mwezi wa tatu na wa nne minada inakuwa na mashine tele za bei ya chini. Kama si fundi, mlipe fundi saa yake moja aifungue kabla ya kuipakia. Afungue vifuniko vya vali, atazame, aunge maji. Atazame pia viungio vya nyaya; vikiwa na ukungu wa kijani, chumvi imeshafika, na hitilafu za umeme zitafuata.

Kwa maofisa maendeleo ya jamii wanaopitia maombi ya vikundi, naomba jambo moja kwa heshima. Kikundi kinapoleta ankara ya mashine iliyotumika kutoka nje, waombeni na ile video ya maji kabla hundi haijaandikwa. Andikeni volti na herzi kwenye fomu. Mkopo huo hauna riba lakini unarudishwa, na vijana wanaurudisha kwa mashine inayofanya kazi. Na wewe Mhariri, gazeti lako likipokea tangazo la mashine ya aina hii, mwombe mwenye tangazo ataje umeme wake na aseme kama imejaribiwa kwa maji. Ni mstari mmoja tu.

Kikundi cha mtoto wa kaka yangu kimepata kichwa kipya cha pampu. Nilikinunua huku nikampa msafiri aliyekuwa anakuja Tanga. Koili yao ilikuwa nzima, walibahatika. Sasa wanaosha mabasi kwa maji baridi, kichomeo wamekizima, na marejesho yamechelewa kwa miezi ambayo mashine ilikaa bure. Huku theluji imeanza kuyeyuka na matangazo ya minada yameshatoka. Mizigo inayopakiwa wiki hizi itafika Tanga na Dar es Salaam katikati ya mwaka, kwa hiyo mwenye kutaka kuuliza maswali haya aulize sasa, kabla pesa haijatoka.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Shangazi wa Makorora,
Brooklyn Park, Minnesota, Marekani